Alama Mbili

Kwenye cheti cha shule yetu ya Kilembe,
chini ya Hesabu (ambayo leo tusiizungumzie),
chini ya Jiografia na Kilimo,
kuna mstari ulioongezwa mwaka wetu:
Huduma ya Kwanza. Alama mbili.
Bila hizo huvai joho, alisema mkuu wa shule,
hata uwe umeila fizikia yote na mifupa yake.

Tulicheka. Nani asingecheka?
Mgonjwa wetu alikuwa gunia la makapi ya kahawa
lililovishwa shati kuukuu la mpishi,
kichwa kibuyu, mdomo umetobolewa kwa kisu.
Tukambatiza Bwana Makapi.
Sista Ithungu hakucheka.
"Kiganja juu ya kiganja. Viwiko vinyooke.
Bonyeza kama mtu anayedai deni,
si kama anayeomba samahani."
Thelathini, pumzi mbili. Thelathini, pumzi mbili.
Makapi yakachungulia kwenye mishono,
tukapiga chafya, tukakatwa alama.

Masereka alizipata zote.
Mimi jaribio la kwanza niliambulia sifuri:
nilisahau kumuuliza mgonjwa, "Unanisikia?"
Sasa nani anauliza kibuyu kama kinasikia?

Halafu ikaja ile Jumamosi, kule Mubuku.
Mfereji wa mashamba ya mpunga ulikuwa umefura,
maji rangi ya chai ya maziwa,
na humo wakamtoa mtoto wa Biira,
miaka mitatu, kiatu kimoja,
kipande cha muwa bado mkononi.

Kila mtu alijua la kufanya, na kila mtu lake:
huyu amning'inize miguu juu,
huyu akatafute bodaboda,
huyu ampigie simu mtu wa kupiga simu,
huyu, hakosekani, apige picha.
Biira alikuwa akimwita mwanawe kwa majina yote,
la ubatizo, la ukoo, la utani,
kama mwalimu anayeita daftari la mahudhurio
na darasa zima limenyamaza.

Nikapiga magoti. Sitasema nilikuwa jasiri.
Niliogopa kama mwizi aliyewashiwa taa.
"Unanisikia?" nikamuuliza,
na safari hii nililitaka jibu.

Aliyekunywa maji, pumzi kwanza. Tano.
Mdomo wake ulikuwa na utamu wa muwa na tope.
Kisha kifua. Kifua cha mtoto si gunia:
kiganja kimoja kinatosha, tena kinazidi.
Kuna kitu kinachokubali chini ya mkono
na kitu kinachogoma.
Thelathini sikuiona popote. Kulikuwa na moja,
kisha moja, kisha moja.

Mkono ulipoanza kufa ganzi
nikaona magoti mengine kando ya yangu.
Masereka, bwana alama zote,
midomo imemkauka, anatetemeka kuliko mimi.
"Nipe," akasema.
Nikampa.

Sijui ni pumzi ya nani iliyofungua mlango.
Yalitoka maji, yakatoka makapi ya muwa,
kikatoka kilio chembamba, kikavu, cha kukwaruza,
sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kuzipenda.

Leo tumevaa majoho ya kukodi,
langu lina doa la mchuzi wa mhitimu wa mwaka jana.
Mama anapitisha kidole kwenye cheti, anaruka Hesabu
(Mungu ambariki), anasimama mstari wa mwisho.
"Na hizi mbili ndizo za nini?"

Kabla sijajibu, Biira anapenya katikati ya viti,
jogoo kwapani, mtoto akiburuzwa nyuma.
"Msalimie dada yako."
Hataki. Ananikumbuka:
mimi ndiye yule aliyemuumiza kifua.
Anajificha kwenye kitenge cha mama yake,
na kutoka humo ndani nasikia
akipumua, kwa hasira, kwa nguvu,
kwa puani na mdomoni.